Vimebaki vile tu ninavyovipenda. Nifanyeje?

Swali: Nina miaka 61. Kwa miaka miwili nimekuwa nikitibiwa tatizo la kulimbikiza vitu. Magazeti yameondoka, chupa zimeondoka, mifuko, makopo, redio mbovu, vyote. Sakafu ya sebule sasa inaonekana na mlango wa chumba cha nyuma unafunguka wote. Vilivyobaki ni vile tu ninavyovipenda: magauni 19 ya marehemu mama yangu, aliyekuwa mshonaji, cherehani yake, maboksi sita ya vitambaa ambavyo nimekusudia kuvishona tangu nistaafu, na madaftari yote ya shule ya wanangu watatu. Mwezi uliopita nilijikaza nikautoa mkoba wa mama. Ndani mlikuwa na tiketi ya basi iliyofifia, pini mbili za nywele na kitambaa cha mkono kisicho tena na harufu yake. Nililia siku tatu, na bado nikiamka usiku nauwaza. Magauni mengine hata sikumbuki aliyavaa lini. Kuna moja la kijani sina hakika kama lilikuwa lake, lakini nikilishika mkono unagoma. Binti yangu anasema nimpe Jumamosi moja tu, nitoke nyumbani, nikirudi nitakuta kazi imekwisha. Je, kilio kile maana yake ugonjwa umerudi? Na hivi vilivyobaki, navyo lazima viondoke?

Jibu: Shikamoo mama.

Nianze na majibu mafupi, nisije nikakuweka roho juu mpaka mwisho wa barua. Kulia siku tatu hakumaanishi ugonjwa umerudi. Si lazima vyote viondoke; cherehani, kwa mfano, ingekuwa mimi ningeibakiza. Na ile Jumamosi ya binti yako, mwambie hapana. Kwa upole, lakini hapana. Sasa tukae tuzungumze.

Katika barua yako kuna maneno niliyoyasoma mara mbili: "vile tu ninavyovipenda." Wengi wanaotibiwa tatizo hili hufika hapo ulipofika wewe wakakwama, kisha wakajiona wameshindwa. Magazeti na chupa zilitaka uamuzi tu. Ulijifunza kujiuliza: kinafaa? kinafanya kazi? ninacho kingine kama hiki? Maswali hayo yamekubeba miaka miwili. Lakini ukiyapeleka mbele ya gauni la marehemu mama yanageuka kuwa matusi. Gauni halina kazi na wewe unajua halina kazi, na kujua huko hakukupunguzii chochote. Kazi ya usafi, mama, uliimaliza siku ile chupa ya mwisho ilipotoka. Iliyobaki ni kazi ya msiba, na msiba hauendi kwa mwendo wa fagio.

Niueleze kwanza ugonjwa wenyewe, kwa ajili yako na kwa ajili ya binti yako (mpe naye aisome barua hii). Kwa miaka mingi madaktari waliuhesabu ulimbikizaji kama tawi la ule ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudiarudia, wa mtu kunawa mikono hadi ngozi ikachubuka. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliupa nafasi yake peke yake katika toleo la tano la mwongozo wake, na Shirika la Afya Duniani nalo likauweka peke yake katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Ukisoma maelezo yao hutaona mahali panaposema kwamba kiini ni uchafu. Kiini ni ugumu wa kuachana na vitu, viwe na thamani au visiwe nayo, pamoja na dhiki inayompata mtu anapojaribu. Marundo yanakuja baadaye, kama moshi unavyokuja baada ya moto. Ndiyo maana sebule yako inaweza kuwa nyeupe leo na ugumu ukawa bado uko pale pale. Tena tatizo hili huanza mapema kuliko watu wanavyodhani: dalili za kwanza mara nyingi hujitokeza kati ya miaka 11 na 15, zikakua polepole na umri. Kwa hiyo usiseme kifo cha mama ndicho kilichokufanya hivi. Kilikuta kuni zimekwishapangwa.

"Mkono unagoma," umeandika. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliuchunguza mgomo huo. Waliwaita watu 43 wenye tatizo la kulimbikiza, pamoja na makundi mengine mawili ya kulinganisha nao, wakawalaza ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Kila mmoja alikuja na karatasi zake kutoka nyumbani, barua za matangazo na mengineyo. Akaonyeshwa karatasi moja moja, nyingine zake, nyingine si zake, aamue: ibaki au iende. Ikienda, inasagwa na mashine ya kuchana karatasi, hakuna mchezo. Wenye tatizo walibakiza karatasi zao nyingi kuliko wengine wote. Kilichovutia zaidi ni kilichoonekana ubongoni. Sehemu mbili zinazotusaidia kujua lipi ni zito na lipi ni jepesi, mojawapo ikiitwa insula, zilikuwa zimetulia kupita kawaida karatasi zilipokuwa za mtu mwingine. Zilipokuwa zao, zikawaka kupita kiasi.

Bila shaka unajijua hapo. Wewe unaweza kwenda kwa jirani ukamsaidia kupanga kabati lake kwa saa mbili, ukatupa nusu na ukacheka. Ukirudi kwako, kifuniko cha kalamu kinakushinda. Si unafiki. Kengele ya hatari kichwani mwako inalia kwa sauti ile ile kwa cheti cha kuzaliwa na kwa risiti ya mwaka juzi. Ukilishika lile gauni la kijani na moyo ukakuambia "hili ni muhimu sana," sauti hiyo inakupa habari za kengele. Habari za gauni haina.

Na hata wasio na tatizo wana kakengele kadogo. Kuna jaribio mashuhuri la mwaka 1990 ambamo baadhi ya wanafunzi walipewa kikombe cha kawaida. Dakika chache baadaye waliotakiwa kukiuza walitaka karibu mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kutoa. Kikombe walichokuwa wamekijua siku hiyo hiyo! Wewe magauni yale unayajua tangu hujajua kusoma.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona ndilo lenyewe. Swali "ninakipenda?" halitakusaidia, maana jibu lako litakuwa ndiyo mara zote. Badala yake uliza: kitu hiki nimekiajiri kazi gani? Kila kitu ulichokitaja kimeajiriwa, na kazi zao hazifanani, kwa hiyo hata kuagana nao hakutafanana.

Mkoba wa mama ulikuwa shahidi. Ulisimama pale kutoa ushahidi kwamba kuna mwanamke alipanda basi, akafunga nywele zake, akafuta jasho. Unaogopa kwamba shahidi akiondoka kesi itafutwa, mama atakuwa kama hakuwahi kuwepo. Lakini angalia ulichokifanya. Umeniandikia mimi, mtu usiyenijua, kilichokuwa ndani ya mkoba mpaka idadi ya pini, na mkoba wenyewe haupo. Umetoa ushahidi wote bila shahidi. Watu wengi wenye tatizo hili hawaiamini kumbukumbu yao. Wanaona kitu kisipokuwa mbele ya macho kitafutika kichwani. Yako nimeiona kwa macho yangu. Haina shida.

Kitambaa cha mkono umesema hakikuwa tena na harufu yake. Basi kilio kile sehemu yake hakikuwa cha mkoba. Harufu ilikwisha ondoka zamani, kimya kimya, ndani ya nyumba yako, ukiwa umeitunza. Ulilia mwezi uliopita kwa jambo lililotokea miaka kadhaa nyuma. Nadhani ilikuwa lazima litoke.

Madaftari ya watoto yana kazi nyingine kabisa. Yale ni vielelezo vya utetezi. Yanasema: nilikuwa mama mwangalifu, niliyakagua, niliweka sahihi, tazama alama zao. Nani amekushtaki? Mara nyingi hakuna. Wazazi wenye tatizo hili hubeba aibu ya nyumba ilivyokuwa watoto walipokuwa wadogo, wageni wasioweza kukaribishwa, meza isiyo na nafasi ya kuandikia, na madaftari yanakuwa hati ya kujitetea mbele ya mahakama ya kichwani. Kama kwako ndivyo, boksi halitakutoa hatiani. Mazungumzo na wanao yanaweza. Waulize pia kama wanayataka. Jiandae kwa jibu "hapana, mama," ambalo huuma kuliko tulivyotarajia. Nakuonya hapa kwa sababu wengi huteleza: mwanao akisema hapana, usimrudishie kwa mlango wa nyuma kwa kumwambia "basi nikutunzie tu." Unakuwa ghala la mtu asiye na mzigo. Pendekezo langu ni kila mtoto daftari mbili, moja la mwaka wa kwanza wa shule, lile la herufi zilizopinda, na moja utakalochagua mwenyewe. Jumla sita. Sita unaweza kuzishika kwa mkono mmoja na kuzisoma jioni moja. Mangapi kati ya yale ya boksini uliyasoma mwaka huu?

Nimeacha maboksi ya vitambaa mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndiyo nitakayokaa nayo zaidi. Watu hudhani vitu vigumu kuviachia ni vya jana. Kwa uzoefu wangu vya kesho ni vigumu zaidi. Gitaa la mtu ambaye hajajifunza kupiga, vitabu vya lugha ambayo hajaanza kuisoma, sufu ya masweta ya wajukuu waliokwisha kuwa wakubwa. Vitambaa vyako vimeajiriwa kutunza ahadi. Ndani ya yale maboksi sita anaishi mwanamke mmoja: amestaafu, ameketi mbele ya cherehani ya mama yake, anashona kila siku, na mkono wake umekuwa kama wa mama. Kuvitoa vitambaa ni kumwambia mwanamke huyo hatakuja. Hakuna mtu atakayekupa pole kwa msiba huo, kwa sababu hakuna aliyemwona marehemu. Lakini ni msiba, na unaruhusiwa kuuomboleza kwa jina lake.

Methali inasema akiba haiozi. Aliyeitunga hakuwahi kufungua boksi la vitambaa lililolala sakafuni miaka kumi.

Kabla hujamzika mwanamke huyo moja kwa moja, mpe nafasi moja ya haki. Chagua vitambaa vitatu. Si boksi tatu, vitambaa vitatu. Andika tarehe, miezi mitatu kuanzia leo. Ikifika na kimoja kimekuwa vazi, basi yupo, ni mdogo kuliko ulivyomwota, na anahitaji boksi moja. Ikifika na vitatu vimekunjwa vilevile, umepata jibu bila mtu kukuamulia. Na tafadhali, usikubali wazo la kushona shuka kubwa la kumbukumbu kutokana na magauni ya mama. Najua mtu atakushauri, kila mtu hulishauri, na lina uzuri wake. Kwako wewe litakuwa ahadi nyingine juu ya ahadi, na boksi la saba.

Tuingie kwenye kazi yenyewe. Uliruka moja kwa moja kwenye mkoba, nami nahisi ulifikiri ukiweza lile gumu mengine yatakuwa mepesi. Tungekuwa pamoja ningekuzuia. Chukua daftari (moja!) na uvipe vitu vyako namba, kuanzia 0 hadi 100, kwa kadiri vitakavyokuumiza vikiondoka. Mkoba nadhani ungekuwa 90. Cherehani 100. Kuna magauni ambayo ni 40, na hayo ndiyo mahali pa kuanzia, maana kuanzia kwenye 10 hakukufundishi kitu na kuanzia kwenye 90 kunakutisha usirudie.

Kabla kitu hakijatoka, andika ubashiri: nitaumia kiasi gani, na kwa muda gani. Kikishatoka, andika kilichotokea kweli. Mstari wa daftari la namna hiyo mara nyingi huwa hivi: "Kofia ya sufu. Nabashiri 70, wiki nzima. Baada ya saa moja, 60. Kesho yake, 25. Baada ya wiki, nilikuwa nimesahau mpaka nilipofungua daftari hili." Ubongo wa mlimbikizaji ni mtabiri wa maafa mwenye kujiamini sana, na hakuna anayeziweka rekodi zake. Wewe ziweke. Baada ya mistari ishirini hutahitaji mimi kukushawishi. Na siku nyingine utabiri utatimia, kama ulivyotimia kwa mkoba. Hiyo nayo iandike, pamoja na siku ulipoanza kupungua.

Magauni yakianza, usiyashike wewe. Hili si ushirikina. Utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kukigusa kitu tu kunaongeza hisia kwamba ni chako, hata kama hujakinunua. Keti kitini, mwache binti yako alishike gauni kwa urefu wa mikono, wewe uliangalie na useme kwa sauti unachokijua juu yake. Sauti ni muhimu. Kichwani mawazo yanazunguka. Mdomoni yanapaswa kupanga foleni. Utashangaa mangapi yataishia kwa "hili... hili sijui."

Usianze kwa kuuliza lipi liondoke. Tafuta kwanza sanduku moja, lenye ukubwa unaoujua na mahali utakapoliweka, kisha uchague magauni ya kuingia humo. Nadhani matatu au manne. Kuchagua cha kubaki ni kazi ya heshima, kama kumchagua atakayekaa meza ya mbele, na mkono haugomi sana. Yasiyochaguliwa yanajulikana yenyewe. Nami nina ubishi mmoja na vitu vinavyoitwa hazina. Gauni ambalo mama alivaa siku ya harusi yako, likilala chini ya mengine kumi na nane ndani ya boksi, halijatunzwa. Limefichwa. Ukibakiza manne, moja linaweza kutundikwa mahali unapopita kila asubuhi.

Yatakayoondoka, yapige picha. Kuna ushahidi mzuri hapa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, wanafunzi wanaoishi katika mabweni ya chuo kikuu cha Penn State nchini Marekani waliombwa kutoa vitu kwa ajili ya wengine. Katika baadhi ya mabweni waliambiwa wapige kwanza picha za vitu vyenye kumbukumbu, kwingine waliombwa kutoa tu. Kwenye picha vilipatikana vitu 613, kwingine 533. Watu hawakutaka kuuachia utambulisho uliofungwa ndani ya kile kitu, yaani wao ni nani na wametoka wapi; picha iliwashikia huo. Lakini kwako naweka masharti, kwa sababu simu nayo inaweza kuwa ghala. Gauni moja, picha moja, na chini yake sentensi mbili za kalamu: nani, wapi, nini kilitokea. Picha ichapishwe ibandikwe kwenye albamu. Kama huna sentensi mbili za kuandika, hakuna haja ya picha.

Kuhusu boksi la "nitafikiria baadaye," najua linashauriwa kila mahali. Kwa mtu wa kawaida ni zuri. Kwetu huku ni kukwepa kwa adabu. Wewe umekuwa na boksi la nitafikiria baadaye, lilikuwa na ukubwa wa nyumba nzima.

Halafu kuna mtego mwororo: kumtafuta mtu anayestahili. Gauni la mama haliwezi kwenda popote tu, lazima liende kwa mtu atakayelithamini, wa kimo chake, mwenye kujua ushonaji. Ukisikia masharti yanaongezeka, jua ni ugonjwa umevaa nguo za kwenda kanisani. Weka mtu mmoja au kituo kimoja cha kupokea nguo, na tarehe moja. Tarehe ikipita, yanaenda kwa wa pili bila mjadala. Yakishatoka, usiulize yalikofika.

Hapo tunarudi kwenye majuto, maana nadhani ndiyo yaliyokufanya uandike. Sitakudanganya kwamba hutajuta tena. Kati ya vitu hivi kuna kimoja au viwili utakavyovijutia, na hakuna mbinu ya kuvijua mapema. Njia pekee ya kutojuta kamwe ni kutotoa chochote kamwe, na njia hiyo umeshaishi nayo. Majuto yakija usiku, yaache yakae. Usiende kuutafuta mkoba. Usinunue mwingine unaofanana nao. Mtu akinijia analia sishtuki. Akinijia amenunua kitu cha kuziba pengo, hapo naweka kalamu chini. Dalili za kurudi nyuma ndizo hizo: kuanza tena kuokota na kununua, njia ya kupita kati ya vitu kuwa nyembamba, kuficha ulichonunua, kutafuta sababu za kutokaribisha wageni. Katika barua yako sijaiona hata moja.

Jambo moja lakini nataka ulifuatilie. Karibu nusu ya wenye tatizo hili hupatwa pia na sonona, na sonona ina tabia ya kujificha nyuma ya msiba. Kama kule kuamka usiku kunaendelea zaidi ya wiki mbili, au hamu ya chakula imepotea, au umeanza kuona hakuna maana ya kuamka, mwambie daktari wako wiki hii, usingoje kikao kijacho. Sonona inatibika, na ikitibiwa hata magauni huwa mepesi kidogo.

Kuhusu binti yako. Ana nia njema na amechoka, yote mawili mpe haki yake. Lakini kusafisha nyumba ya mlimbikizaji nyuma ya mgongo wake ni mojawapo ya makosa makubwa ambayo familia hufanya. Nyumba hujaa tena, kwa sababu marundo yameondolewa na ugumu umeachwa, na safari hii mgonjwa hamwamini tena mtu aliye karibu naye. Zaidi ya hapo, ungepoteza kile ulichokijenga kwa miaka miwili, yaani mkono wako mwenyewe kujifunza kuachia. Jumamosi ile ingekufundisha kwamba vitu huibwa. Mpe kazi nyingine: awe mikono, wewe uwe mdomo. Anashika, anabeba, anapeleka siku hiyo hiyo, na anaruhusiwa kuuliza maswali. Haruhusiwi kutoa hukumu, wala kuguna. Kipo kimoja tu anachoweza kukidai bila ruhusa, nacho ni usalama: njia ya kutokea iwe wazi, na kusiwe na nguo au karatasi karibu na jiko wala juu ya nyaya za umeme.

Umeuliza kama lazima vyote viondoke. Tiba ya mazungumzo inayoshughulikia fikra na tabia, ile iliyotungwa mahususi kwa tatizo hili na ambayo kwa kawaida huchukua vikao 26 hivi, huwasaidia wengi, lakini tafiti zilipokusanywa pamoja mwaka 2015 ilionekana kwamba wengi wa waliopata nafuu bado walikuwa na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Nakuambia hivi si kukukatisha tamaa. Nataka usijipime kwa nyumba tupu. Wewe hujawahi kuambiwa uishi bila vitu vya mama yako, na kama kuna aliyekuambia, alikosea.

Cherehani ibaki. Ila toa kila kilicho juu yake, uisogeze penye mwanga, na utie uzi. Vile vitambaa vitatu viweke pembeni yake.

Kisha mwite binti yako siku moja ya katikati ya wiki, dakika arobaini, saa mezani. Asimame na gauni la kijani, akuulize swali moja tu: "Hili bibi alilivaa wapi?" Kama dakika tano zimepita na jibu halijaja, liingie mfukoni, na mfuko utoke naye anapoondoka. Andika ubashiri wako kabla hajafunga mlango, namba nyingine usiku, nyingine baada ya wiki, kisha uniandikie zote tatu.